Kanga Wengi Lamboni: Je, Ukame Haujawapunguza?

Swali: Mhariri, mvua zilikatika mapema huku Bahi, Dodoma, lakini kanga wamejaa kando ya lambo letu. Je, msimu wa uwindaji utakuwa mzuri?

Jibu: Ndugu msomaji, wingi huo usikudanganye, kwa kuwa maji yanapokauka kwingine, kanga hukusanyika penye lambo lililobaki. Kanga, kama kwale, hutaga zaidi majira ya mvua, ambayo Dodoma huwa Desemba hadi Aprili, na vifaranga wao hutegemea sana wadudu, ambao huadimika nyasi zisipostawi. Chunguza kama kundini wamo makinda. Wasipokuwamo, nakusihi usiwinde mwaka huu, hata ukiwa na leseni, maana hao wakubwa waliosalia ndio watakaotaga mvua zikirejea. Na usiwavizie lamboni, kwa kuwa hawana pengine pa kunywa.