Nina diploma, nikaange maandazi?

SWALI: Nilimaliza diploma ya uhasibu miaka miwili iliyopita, ajira sijapata. Nataka kukaanga maandazi, ila nyumbani wanasema nitaaibisha cheti. Halafu niliyojaribu yalinyonya mafuta. Nifanyeje?
– Msomaji, Morogoro

JIBU: Dada, cheti hakiaibiki kwa kazi halali, na hesabu uliyosomea ndiyo inayokosekana kwenye biashara nyingi za jikoni. Maombi ya kazi endelea kuyatuma mchana, maandazi ni ya alfajiri.

Andazi hunyonya mafuta yasipopata moto, au unga ukikandwa laini mno. Kwa kilo 1 ya unga wa ngano tia sukari gramu 150, hamira kijiko 1 cha chakula, iliki, mafuta vijiko 3, na tui vuguvugu karibu nusu lita. Tui limimine kidogo kidogo. Kanda dakika 10 mpaka donge liache kunata mkononi, lifunike liumuke hadi liwe mara mbili ya ukubwa wake, kata vipande vya gramu 60. Utapata kama 27.

Dondosha kipande kidogo karaini: kikikaa chini, subiri, kikipanda na mapovu upesi, anza. Usijaze karai, kila andazi hupoza mafuta. Yakiiva nje yakabaki mabichi ndani, punguza moto.

Pima mafuta kabla na baada ya kukaanga. Yaliyopungua ni gharama, kama mkaa na mifuko. Jumlisha, gawa kwa idadi ya maandazi, ndipo upange bei. Yanayoliwa nyumbani nayo yaandike daftarini.