Kwa Nesi Mstaafu: Mbwa kaning'ata, na kadi ya bima imegoma

SWALI: Shikamoo Nesi. Mimi ni mwalimu wa shule binafsi, naishi Uyole, Mbeya. Kata yetu ilitangaza siku ya kuchanja mbwa dhidi ya kichaa cha mbwa, nikampeleka Simba wangu. Simba hajazoea kamba, tulimkokota mimi na mwanangu njia nzima. Kufika pale na kukuta mbwa wa mtaa mzima, akachanganyikiwa. Chanjo alichomwa, lakini wakati namshikilia akanidaka kiganja, jino likazama chini ya kidole gumba. Nikaenda hospitali na kadi yangu ya bima. Dirishani nikaambiwa kadi haiko hai, mwajiri hajawasilisha michango, na mimi nakatwa kila mwezi! Chanjo yangu mwenyewe wakasema ninunue, na mfukoni nilikuwa na nauli tu. Nimerudi nyumbani nikajipa moyo kwamba Simba keshachanjwa, basi hana neno. Kidonda kinaanza kufunga. Kuna haja ya kurudi? Na hii bima ninayokatwa ni ya kazi gani?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Barua yako sikuiacha ingoje jarida. Nilikupigia siku ileile, na nashukuru ulirudi hospitali kesho yake. Naijibu tena hapa kwa sababu hayo uliyojiambia, wengi hujiambia.

Simba kuchomwa sindano asubuhi hakumfanyi kuwa salama mchana. Mwili wa mbwa aliyechanjwa mara ya kwanza unahitaji wiki kadhaa, kama mwezi hivi, ndipo kinga yake ihesabike. Na kama virusi vilikuwa vimeshamwingia kabla, chanjo ya siku hiyo haivitoi. Kwa hiyo wewe uling'atwa na mbwa asiyechanjwa, hata kama kadi yake ya chanjo ina mhuri wa tarehe hiyohiyo.

Kidonda kufunga nako kusikudanganye. Virusi vya kichaa cha mbwa hupita kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, polepole, na dalili mara nyingi hutokea baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, wakati kovu limeshasahaulika. Zikitokea, hakuna dawa. Nimefanya kazi wodini miaka mingi na hili silisemi kwa kutisha watu.

Anayeng'atwa leo aanze na bomba, kabla ya kutafuta kadi wala bajaji. Maji yanayotiririka na sabuni, hata ya mche, dakika 15. Ni ndefu kuliko unavyodhani, tazama saa. Fungua kidonda kwa vidole maji yaingie ndani, hata kikiuma. Kisha spiriti au ayodini ukiwa nayo, na safari ya hospitali ianze. Usitie kitu kingine. Nimewahi kupokea mtoto aliyejazwa ugoro kwenye tundu la jino la mbwa, tukatumia muda mrefu kuukwangua kuliko kumtibu.

Sindano za chanjo huhesabiwa tangu siku unayochomwa ya kwanza, kisha siku ya 3 na ya 7 baada yake, na nyingine hufuata kulingana na utaratibu wa hospitali yako. Kama jino limetoboa ngozi watakueleza kuhusu dawa ya kinga inayochomwa palepale kwenye kidonda. Uliza na ya pepopunda.

Simba naye msimuue. Najua majirani wameshashauri. Mfungieni mahali peupe penye maji na chakula, mumtazame siku 10. Akizimaliza akiwa mzima, maana yake siku aliyokung'ata mate yake hayakuwa na virusi, na daktari anaweza kuamua kusimamisha sindano zilizobaki. Uamuzi huo ni wa daktari, na wewe huongoji siku 10 ndipo uanze. Akibadilika tabia, akashindwa kumeza, au akafa, msimzike kimyakimya. Waiteni watu wa mifugo wachukue sampuli. Huku kwetu Iringa kipo kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari, hivyo hatuko mbali na maabara.

Sasa hiyo kadi. Watu husema "bima imenikataa" kana kwamba ni neno moja. Dirishani kuna kukataliwa kwa namna tatu, na kila namna ina mlango wake, kwa hiyo usiondoke kabla hujauliza ni ipi. Kadi haisomi: hilo ni la mtandao au la usajili, na linamalizwa na ofisa wa bima aliyeko hospitali. Kadi inasoma lakini michango haijafika: hilo ni la mwajiri. Kadi iko hai lakini huduma haimo kwenye kitita, yaani orodha ya huduma ambazo bima hulipia: hapo hata ukigombana hadi jioni, yule binti wa dirishani hana la kukufanyia. Wewe yalikupata mawili kwa pamoja: michango haikufika, na chanjo ukaambiwa ununue.

La mwajiri lifuate na karatasi. Chukua hati zako za mshahara za miezi ambayo makato yanaonekana, nenda ofisi ya bima ya mkoa, uombe taarifa ya michango iliyopokelewa kwa jina lako. Weka karatasi hizo mbili ubavuni. Kwa walio kwenye Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya mchango ni asilimia 6 ya mshahara: 3 zako, 3 za mwajiri. Kama zako zimekatwa na hazikufika, hapo hakuna cha "mhasibu amesafiri". Ila usiende kwa mkuu wa shule peke yako. Walimu wenzako nao wanakatwa. Nendeni pamoja, na mwombe jibu kwa maandishi. Mwalimu mmoja akilalamika huitwa mkorofi.

Na pale ulipogeuka na nauli yako mfukoni, hospitali ya umma ina ofisa ustawi wa jamii. Wengi humfahamu kwa habari za wazee na misamaha tu. Sema wazi: nimeng'atwa na mbwa, kadi imegoma, fedha sina, naomba kuonana na ustawi. Usiseme kwa kunong'ona.

Mwaka ujao Simba asipelekwe mkutanoni. Mbwa asiyezoea kamba, ukimpitisha kwenye kundi la mbwa wageni, atang'ata aliye karibu, na aliye karibu ni wewe. Ongea na bwana mifugo wa kata aje nyumbani, mmchangie nauli ya bodaboda na majirani wawili watatu wenye mbwa wakali. Chanjo aje nayo kwenye boksi la barafu. Ukimwona anatoa kichupa kwenye mfuko wa shati, mwulize vizuri. Kabla hajafika, mfunge Simba mdomo. Chukua kipande kirefu cha kanga kuukuu, fanya kitanzi, kipitishe juu ya pua, kaza, vuka ncha chini ya kidevu, kisha funga fundo nyuma ya masikio. Afanye hivyo mtu anayempa chakula kila siku, akiwa amesimama ubavuni, si mbele ya uso. Isizidi dakika chache, maana mbwa hupoza mwili kwa kuhema. Anayetapika au anayehangaika kupumua hafungwi kabisa.

SWALI: Kamwene Nesi. Niko Makambako. Nina paka dume, mkali ajabu, anakwangua kila anayemgusa isipokuwa mimi. Ana jipu shavuni, nadhani kapigana. Daktari wa mifugo yuko mbali kidogo, na mara ya mwisho nilimbeba kwenye kiroba juu ya bodaboda, akakitoboa, tukamtafuta kwenye mahindi hadi jioni. Nimpe Panadol nusu apoe?

JIBU: Kamwene, ndugu yangu. Panadol usimpe. Si nusu, si robo. Ini la paka haliwezi kuisafisha dawa hiyo. Inaharibu damu yake, ufizi unageuka rangi ya udongo au bluu, uso na miguu vinavimba, na anakufa. Hali kadhalika usimpake dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa ajili ya viroboto. Zipo za jamii ya permethrini, ambazo ng'ombe na mbwa huzivumilia lakini paka hutetemeka hadi kufa. Sisi tunaoishi na mashamba ya pareto huzoea kuona dawa za jamii hiyo kuwa za kawaida.

Jipu la paka aliyepigana hutokana na jino la mwenzake: ngozi inafunga juu, usaha unabaki chini. Linahitaji kupasuliwa na kupewa dawa ya usaha inayomfaa paka, kwa hiyo safari haikwepeki. Lakini kiroba hapana. Tafuta tenga la kuku lenye kifuniko. Liweke sebuleni sasa hivi, wazi, ndani tandika nguo yako uliyoivaa, isiyofuliwa. Mtilie dagaa humo. Mwache aingie na kutoka mwenyewe hadi alale humo. Mimi nina wangu, Jemedari, ambaye mtaa mzima wa Kihesa unamjua kwa ubaya, na tenga lake halitolewi sebuleni mwaka mzima. Wageni wanashangaa. Washangae.

Siku ya safari, asile asubuhi. Funga kifuniko kwa kamba, funika tenga lote kwa kanga nzito asione nje, na upande bajaji, tenga likae mapajani. Kwa daktari usimtoe. Fungua kifuniko tu, mwombe daktari amfanyie kazi akiwa humohumo, mwili umefunikwa taulo, kichwa peke yake nje. Daktari wetu hapa huingiza mkono chini ya kanga polepole, ananyamaza, anamwacha Jemedari amnuse kidole, ndipo anapapasa. Jemedari ananguruma mwanzo hadi mwisho lakini hakwangui. Daktari anayekimbilia kumshika paka shingoni mbele ya mbwa wanaobweka, mwambie mtangoja nje.

Na wewe je, kakukwangua? Osha kwa sabuni kama nilivyomwambia mwalimu. Paka naye huambukizwa kichaa cha mbwa. Wa kwako amepigana na asiyejulikana, basi daktari wa mifugo akimaliza jipu aamue na suala la chanjo.

SWALI: Nesi, mimi ni mzee wa Njombe, nalima viazi. Binti yangu yuko Uingereza, ananiambia mbwa wa nyumba anayofanyia kazi ana bima ya matibabu. Mimi na kadi yangu ya kaya naambiwa dawa hakuna, kanunue. Hii ni haki?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Umenichekesha, kisha nikanyamaza. Kule watu wanatibiwa kwa NHS, huduma ya afya ya taifa lao, iliyoanza 1948 na inalipiwa kwa kodi. Wanyama hawamo, ndiyo maana mwenye mbwa hununua bima kwenye kampuni. Nayo ina visa vyake: mara nyingi mwenye mbwa analipa kwanza kisha anadai, kiasi fulani cha mwanzo hakirudishwi, na ugonjwa aliokuwa nao mbwa kabla ya kujiunga haulipiwi. Mwulize bintiyo mbwa huyo ana umri gani. Akizeeka malipo hupanda.

Kwako wewe: ukiambiwa dawa hakuna, kabla hujafungua pochi uliza kama bima yako ina utaratibu wa kuichukua kwenye duka la dawa lenye mkataba nayo, na ni fomu ipi inajazwa. Ijazwe na mhuri upigwe ukiwa bado ndani ya kituo. Ukishanunua kwa fedha yako, kuidai ni safari nyingine. Na kama ni dawa ya presha au sukari ya kila siku, usingoje kopo liishe. Nenda likiwa na vidonge vya wiki nzima, upate nafasi ya kurudi siku ambayo mzigo wa dawa umefika.