Vioo viwili na pembetatu mraba

Kama mtoto wako anakariri kwamba pembe mbili ndogo za pembetatu mraba zinatimiza nyuzi 90, lakini haoni maana yake, nunua vioo viwili vyenye kingo zilizonyooka na tochi ya leza, kisha msubiri giza liingie.

Mimi hufundisha twisheni nyumbani, Kirumba, Mwanza. Vioo vyangu nilivipata Makoroboi. Visimamishe mezani vikigusana ukingo kwa ukingo na kufanya kona ya nyuzi 90, juu ya karatasi nyeupe, na tochi uilaze ili mwale uiparuze karatasi. Utauona kama mstari mwekundu. Kaa pembeni, maana mwanga huu unarudi kwa anayeushika, na leza haichezewi na macho.

Mwale ukipiga kioo cha kwanza kwa nyuzi 35, unatoka kwa nyuzi 35 na kuvuka hadi cha pili. Tazama hapo kati: vioo viwili na mwale vimechora pembetatu mraba. Basi pembe ya pili lazima iwe 55. Kila kioo hugeuza mwale mara mbili ya pembe yake: nyuzi 70, kisha 110, jumla 180, nao unarudi sambamba na njia uliyojia. Jaribu 20, jaribu 60. Pembe moja ikipungua, nyingine inaongezeka kwa kiasi kile kile, na mwale hurudi vilevile.

Mara ya kwanza wangu haukurudi. Nilikuwa nimekadiria kona kwa macho, kumbe ilikuwa nyuzi 87, na kosa la nyuzi 3 hutoka likiwa nyuzi 6. Tangu hapo natumia kipimo cha mafundi waashi: alama kwenye sentimita 15 kioo kimoja, 20 kingine, na kati ya alama hizo iwe 25 kamili.

Kona kama hii hurudisha pia mawimbi ya rada, ambayo nayo ni ya sumakuumeme kama mwanga, ila marefu zaidi. Ya rada nyingi za meli yana kama sentimita 3, na kioo chake ni bati. Boti ya mbao huakisi rada kidogo sana, kwa hiyo anayevuka ziwa usiku angefaa kutundika mabati matatu yaliyokutana kwa pembe mraba. Apollo 11 iliacha mwezini vioo vya kona kama hiyo mwaka 1969, na leza kutoka duniani bado zinarudishwa navyo.

Mwisho zima leza, washa taa. Mwambie mtoto afumbe jicho moja, atazame vioo vinapokutana, kisha asogee kushoto na kulia. Jicho lake litabaki palepale kwenye mshono.