Muulize Fundi: Kusubu Chubwi Nyumbani

Shikamoo fundi. Mimi ni mvuvi wa mshipi hapa Kigombe. Chubwi za dukani, hivi vizito vya mshipi, zimepanda bei, na kila bamvua napoteza tatu au nne kwenye miamba. Nina betri mbili za gari zilizokufa. Wenzangu wananiambia nizivunje, niyeyushe risasi yake kwenye jiko la mkaa, niimwage kwenye mchanga wa pwani. Nianzie wapi?
*Mvuvi, Kigombe*

Marahaba, mwanangu. Anza kwa kuziacha hizo betri kama zilivyo. Zipeleke kwa wanaonunua betri mbovu, uchukue hela yako, ununue risasi safi.

Ndani ya betri hamna risasi tupu. Mna asidi ya salfa, na mna unga wa risasi uliogandana kwenye sahani. Unga huo naogopa kuliko moto wenyewe. Ukivunja betri uani, unaruka, unakaa kwenye shati lako, kwenye mkeka, kwenye udongo anaochezea mwanao. Huko Thiaroye-sur-Mer, pembeni ya Dakar, Senegali, watu walikuwa wakichekecha udongo wenye mabaki ya betri ili wauze risasi. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walizikwa watoto 18. Na si mbali tu: Owino Uhuru, Mombasa, majirani zetu hawa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia sumu watu wa mtaa mzima. Mama aliyesimama kuwapigania, Phyllis Omido, alipata tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwanawe mwenyewe alikuwa ameathirika akiwa bado ananyonya.

Risasi ya kutumia ni ya chubwi kuukuu za nyavu, maganda ya nyaya nene za zamani, au vipande vya balansi ya tairi. Hivi vya balansi vichambue, kwani siku hizi vingi ni zinki au chuma. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, zinki kwenye 419. Kwa hiyo moto ukiwa wa kiasi, zinki itaelea juu nawe utaiopoa. Moto ukizidi itachanganyika, na chungu kizima kitakuwa kizito kama uji uliolala.

Sasa huo mchanga. Hapa naomba unisikilize kwa makini. Nikiwa na miaka 22, uani kwetu Ngamiani, Tanga, nilileta ndoo ya mchanga kutoka Raskazone, nikauanika siku nzima. Juu ulikuwa mkavu kabisa. Nikachimba vishimo kwa kidole, nikamwaga upawa wa kwanza, salama. Wa pili ukalipuka. Chini ya mchanga palibaki unyevu, na mchanga wa bahari una chumvi inayovuta maji hata ukiuanika. Maji yakigeuka mvuke ghafla hupanuka mara 1,700 hivi, na chochote kilicho juu yake hurushwa. Risasi ilinirukia mkononi na shingoni. Alama ninazo hadi leo, na namshukuru Mungu kwamba nilikuwa nimegeuza uso kumwita mdogo wangu. Tangu siku hiyo sijamwaga risasi kwenye mchanga. Tone la jasho, chubwi iliyotoka baharini asubuhi hiyo, upawa uliooshwa, vyote hivyo vinatosha kukupofua. Kila kitu kikaushwe karibu na jiko kabla hakijagusa risasi iliyoyeyuka.

Fanyia kazi nje, upepo ukupige mgongoni. Tumia chungu cha chuma. Vaa viatu vilivyofunika mguu, si kandambili, na suruali ishuke juu ya viatu. Vaa shati la mikono mirefu la pamba, miwani, glavu za ngozi. Kwa kupima moto, chovya njiti kavu: ikigeuka kahawia polepole, mwaga, ikishika moto papo hapo, ondoa mkaa. Chungu kikianza kuwa chekundu umeshapita mno, na hapo ndipo moshi wa sumu unapozidi. Tupia kipande cha nta ya mshumaa, koroga, uchafu utapanda. Ukoko ule wa kijivu uenguliwe taratibu na utiwe kwenye kopo lenye kifuniko. Usiutupe jalalani, usiufagie.

Kalibu nzuri ya kumwagia risasi ni ya chuma, vipande viwili vinavyobanwa. Masonara wana njia yao ya kuchonga kalibu kwenye lile gamba jeupe la ndani ya dome, jamii ya ngisi, na kwa chubwi chache inafaa sana, mradi gamba liwe limekauka hasa. Kalibu ya chuma ipashe moto kwanza. Chubwi ikitoka na makunyanzi, kalibu ilikuwa baridi. Irudishe chunguni, umwage tena.

Fundi, chubwi zangu hutoka vizuri ila kutoboa tundu la mshipi kunanitesa. Keekee inakwama, risasi inanata.
*Kijana wa Sahare*

Usitoboe baadaye. Weka tundu wakati wa kusubu. Chukua sindano ya chuma, hata spoku ya baiskeli, inyooshe, iwe laini. Ishike juu ya mwali wa mshumaa mpaka ivae masizi meusi, kisha ipitishe katikati ya kalibu kabla ya kumwaga. Masizi yanazuia risasi isishikamane. Sindano nayo iwe ya moto, ama sivyo risasi itaganda kuizunguka kabla haijajaza kalibu. Chubwi ikishaganda, ichomoe sindano kwa koleo kwa kuizungusha kidogo. Kingo za tundu zilainishe kwa kisu, zisije zikala mshipi. Usitumie msasa, unatoa vumbi.

Nimeona Wamarekani wakisubu nyumbani risasi za bastola zenye shimo puani, za kuwindia. Kwa kuwa risasi ni ileile, naweza kujaribu?
*Msomaji, Pangani*

Hapana. Kwa Kiswahili madini na kitu cha kupigia vinaitwa jina moja, lakini kwa sheria ni mbali kabisa. Kutengeneza risasi za silaha bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya Tanzania ya mwaka 2015. Shimo lile wenzetu hulipata kwa sindano ndani ya kalibu, kama nilivyomwambia kijana wa Sahare, na kazi yake ni kuifanya risasi ipanuke ndani ya mnyama. Huko huko kwao, jimbo la California limepiga marufuku tangu Julai 2019 kuwinda kwa risasi za madini haya, kwa kuwa ndege wakubwa wala mizoga waitwao kondori walikuwa wakifa kwa sumu yake. Chembe zake hubaki nyamani, na nyama ile binadamu naye anakula.

Shikamoo mzee wangu. Mume wangu husubu chubwi jikoni kwetu, kwenye sufuria yangu ya zamani. Huzibana kwenye mshipi kwa meno. Mtoto wetu wa miaka miwili huzichezea na kuzitia mdomoni, nami nina mimba ya miezi mitano. Nikisema anajibu kwamba babu yake alifanya hivyo na aliishi sana.
*Mama, Mwambani*

Marahaba, binti yangu. Msomee mumeo jibu hili, au mpe alisome mwenyewe.

Mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano kuliko wa mtu mzima. Inaingia kwenye ubongo unaokua. Inajificha mifupani miaka mingi, na mama akishika mimba inatoka humo na kumfikia aliye tumboni. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Babu hakupimwa damu, na wala watoto wake hawakupimwa.

Nendeni kliniki wewe na mtoto, na umwambie daktari wazi: tunayeyusha risasi jikoni, mtoto anaitia mdomoni. Usingoje aumwe tumbo. Sakafu ipigwe deki kwa kitambaa chenye maji na sabuni, usifagie, na wewe mwenyewe usiipige deki. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Mumeo anawe kabla hajala na kabla hajambeba mtoto, na chubwi abane kwa koleo.

Tena kuna njia ya kuiacha risasi kabisa. Kipande cha nondo ya milimita 12, chenye urefu wa sentimita 10, kina karibu gramu 90. Majini chuma hupungukiwa karibu sehemu moja ya nane ya uzito wake, risasi sehemu moja ya kumi na moja. Tofauti ni ndogo hivyo. Chuma kitakuwa kinene zaidi na mkondo utakivuta kidogo, basi akate kirefu zaidi. Samaki changu hatajua.

Sufuria ile itoboe chini kwa msumari, mtu asije akaipikia tena.