Kabla ya Boston kulikuwa na Springfield: kwa nyinyi mnaotaka wadi 2027

Wadogo zangu, msimu umeanza tena naona. Kila anayetaka umca, kiti cha wadi kwa bunge la kaunti, ananitumia ile klipu ya Obama akihutubia kongamano la chama chake cha Democratic kule Boston, Julai 2004, na chini yake ameandika "hii ndiyo plani." Hotuba naipenda, na nyinyi nawapenda, lakini mnaanzia mwisho. Siku anapanda lile jukwaa alikuwa bado seneta wa bunge la jimbo la Illinois, linalokaa mji mkuu wake Springfield, kiti chenyewe kwa kazi zake kiko karibu na MCA kuliko na rais, na alikuwa amekikalia tangu Januari 1997. Someni hiyo miaka kwanza. Mimi nimezunguka kampeni za mashinani na korido za bunge la kaunti muda wa kutosha, na makosa ninayoona mkirudia kila msimu, mengi yamo kwa hiyo hadithi, yalishafanywa na yakalipiwa.

1. Saini ni zako, usimwachie mtu. Mwaka wa 1995 kiti hicho cha jimbo kilikuwa cha Alice Palmer, yeye akaenda kutafuta Kongresi, bunge la kitaifa, na akambariki Obama amrithi. Palmer akapigwa na Jesse Jackson Jr kwa mchujo, akarudi kudai kiti chake. Obama akakataa kutoka. Halafu watu wake wakaenda kukagua fomu za wapinzani jina kwa jina: huyu si mpigakura aliyesajiliwa, huyu anaishi nje ya eneo, huyu ameandika jina kwa herufi kubwa badala ya kusaini. Ilihitajika saini halali 757. Walipomaliza kukagua, Palmer na wengine wote hawakuwa kwenye karatasi ya kura, na Obama akaenda mchujo wa 1996 peke yake.

Kuna watu hadi leo hawajamsamehe kwa hiyo, na ninawaelewa, Palmer alikuwa mama aliyeheshimika sana pale South Side, upande wa kusini wa Chicago. Lakini angalia upande wako sasa. Wewe mgombea huru unahitaji wapigakura 500 waliosajiliwa kwa wadi yako, na nimeona fomu zenu, jameni. Nimeona ukurasa mzima ambapo K ya Kariuki, K ya Kamau na K ya Kerubo zinapinda mkia vilevile, kalamu ileile ya bluu, kijana amekaa kwa kibanda cha chai akajaza wadi yote na kitambulisho cha marehemu kikiwemo. Kusanya mara mbili ya zile zinazotakiwa, linganisha na rejista mwenyewe, basi.

2. Wajue wenzako kabla hujawahitaji. Obama alifika Springfield na Harvard yake na ualimu wa sheria Chuo Kikuu cha Chicago, na wenzake wengine, hasa Rickey Hendon na Donne Trotter, wakamuona anajisikia, wakawa wanamsumbua ukumbini. Chama chake kilikuwa upande wa wachache, maana yake mswada wako unafia kwa kamati na hakuna wa kulia. Alichofanya ni kukaa chini na watu. Kulikuwa na meza ya poka ya Terry Link, wanacheza jioni na maseneta wa vijijini, wa vyama vyote viwili, na yeye akawa wa kudumu pale. Na 1998 sheria ya kuzuia wanasiasa kupokea zawadi ilipita akiwa ameshikana na Kirk Dillard, Mrepublikan. Nyinyi mkiapishwa mnakaa na kundi la chama chenu tu kwa kantini, halafu siku ya kura mnashangaa.

3. Usikimbilie kiti cha juu kwa sababu aliye nacho ameteleza. Hii ndiyo inaniuma zaidi, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Februari 1999 Bobby Rush, mbunge wa Kongresi wa eneo hilo, aligombea umeya wa Chicago akapigwa vibaya na Daley, meya aliyekuwepo. Obama, aliyekuwa hajamaliza hata miaka mitatu kwa seneti ya jimbo, akaona huyu mzee amechoka, Kongresi ni yangu. Mnaijua hiyo hesabu. Naisikia kila siku, "mheshimiwa amepoteza kule, hata huku ataanguka." Lakini kupoteza mji mzima si kupoteza nyumbani kwako. Rush alikuwa Black Panther wa zamani, lile kundi la kupigania haki za Weusi, alikuwa diwani, ameingia Kongresi 1993, amezika watu na kuoza watu kwa ile South Side. Obama watu wengi hawakumjua hata jina, na waliomjua walimjua kama mtu wa Hyde Park, mtu wa chuo.

Halafu Oktoba 1999 mtoto wa Rush, Huey Rich, akapigwa risasi, akafa. Kampeni ikasimama. Nani atamshambulia baba aliyefiwa? Hakuna, na hafai hata mmoja. Mwisho wa Desemba gavana akaita kikao maalum juu ya sheria ya bunduki, Obama yuko Hawaii kwa nyanya yake, binti yake Malia ana miezi kumi na minane na ameshikwa na homa, baba akabaki. Mswada ukaanguka kwa kura chache. Kama mzazi ungefanya nini? Ningebaki na mtoto pia. Lakini magazeti hayakumhurumia, na kwa mtaa ambao umetoka kumzika kijana aliyepigwa risasi, kiti kitupu siku ya kura ya bunduki kinaonekana kutoka mbali sana. Rais Clinton naye akasimama na Rush.

Mchujo wa Machi 2000, Rush asilimia 61, Obama 30. Kwa nyumba yake hela hakuna. Agosti akaenda kongamano la chama Los Angeles, akatua, akaenda kaunta ya kukodisha gari, kadi ikakataliwa. Pasi ya kuingia ukumbini hakuwa nayo, akaangalia hotuba kwa skrini, akarudi nyumbani kabla mambo hayajaisha.

Ninawaona mnauza shamba, mnachukua mkopo wa sacco, mama anaweka dhamana ploti, kwa sababu mbunge alizomewa matangani. Nimekaa na hizo familia baadaye. Tafadhali, uliza kwanza huyo mtu nyumbani kwake wanamwitaje.

4. Jua mipaka ya wadi yako kwa miguu, si kwa ramani.

5. Kura yako itafukuliwa. Illinois unaweza kubonyeza "nipo" badala ya ndiyo au hapana, na Obama alibonyeza mara 129 kati ya kura kama 4,000. Nyingine zilikuwa mbinu zilizopangwa na wenzake, na zote zilimrudia usoni kwa mdahalo wa wagombea urais Januari 2008. Ukijizuia, siku hiyohiyo andika sababu.

6. Baada ya kupigwa alirudi kwenye kiti chake kilekile, na hapa ndipo ningetaka mkae. Januari 2003 Wademokrat wakapata wengi, Emil Jones akawa rais wa seneti, na Obama akamwendea akamwomba amshike mkono kwa kiti cha Seneti ya Marekani. Jones akampa miswada mizito. Mmoja ulikuwa wa kurekodi video polisi wakihoji washukiwa wa mauaji, kwa jimbo ambalo watu wasio na hatia walikuwa wamehukumiwa kifo. Polisi hawakuutaka, waendesha mashtaka hawakuutaka. Akaketi nao, kipengele kwa kipengele, nini kirekodiwe, kuanzia saa ngapi, kamera ikiharibika je, mpaka seneti ikaupitisha bila kura hata moja ya kupinga. Machi iliyofuata kwenye mchujo wa Seneti ya Marekani wagombea walikuwa saba na yeye akachukua asilimia 53. Boston ilikuwa bado miezi minne.

Nani kati yenu ameshasoma kanuni za kudumu za bunge la kaunti yake mpaka mwisho? Ninazo kwa simu, mwenye kuzitaka aniambie leo, na Jumamosi tukae tupitie ile sehemu ya kamati.