Je, Darwin alimwibia Wallace?

SWALI: Nafundisha biolojia sekondari. Wanafunzi wangu wameona video inayodai kwamba Charles Darwin aliificha barua ya Alfred Russel Wallace, mwanasayansi mwenzake Mwingereza, kwa wiki mbili, akanakili humo nadharia ya uteuzi asilia, yaani kwamba viumbe wenye sifa zinazofaa mazingira yao ndio wanaosalia na kuzaa zaidi. Niwajibuje?

JIBU: Mwalimu, swali hili naulizwa mara kwa mara, na kila mara ubishi ni tarehe ya posta. Wallace aliandika makala yake mapema 1858 akiwa visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo, akamtumia Darwin. Darwin alisema imemfikia Juni 18. Wengine wanahesabu safari za meli na kudai ilifika mapema zaidi. Barua ile imepotea, na hapo ndipo wazushi wanapojichomekea lolote wanalotaka.

Haya, tuwape tarehe wanayoitaka. Bado hawana kesi. Darwin aliandika muhtasari wa nadharia hiyo 1842, akaupanua 1844 ukawa insha ya kurasa 230 hivi, na rafiki yake Joseph Hooker akaisoma miaka mingi kabla ya barua ya Wallace. Septemba 1857 alimwandikia Asa Gray, mtaalamu wa mimea huko Marekani, akimweleza hata namna spishi zinavyozidi kuachana, kipengele kilekile anachodaiwa kukiiba. Barua hiyo ipo. Mtu anaibaje mwaka 1858 alichokwisha kukiandika?

Wasomeshe barua ya Gray sambamba na makala ya Wallace. Darwin anaanzia kwa wafugaji wanaochagua mbegu. Wallace anasema mifugo haitufundishi lolote kuhusu wanyama wa porini. Mnakili gani huanza kwa kumpinga anayemnakili?

Lenye haki ya kujadiliwa ni jingine: Hooker na mwanajiolojia Charles Lyell walipanga maandishi ya wote wawili yasomwe kwenye kikao cha wanasayansi London Julai 1, 1858, ya Darwin yakitangulia, bila kumuuliza Wallace. Video hizo hulipita hilo harakaharaka kwa sababu halina mwizi.

Na tuhuma za wizi haziishii kwa Darwin. Mwanahisabati Mjerumani Leibniz aliitwa mwizi wa Newton hadi anakufa 1716, ilhali daftari zake zinaonyesha alivyoifikia kalkulasi, hisabati ya mabadiliko, kwa njia yake mwenyewe. Wanafunzi wakikuletea tuhuma nyingine ya namna hii, waambie wasianze na tarehe barua ilipopokelewa. Watafute kwanza mtuhumiwa alikuwa ameandika nini kabla haijafika, na nani mwingine aliyasoma maandishi hayo. Mtoa video asiyeonyesha hayo mawili hajafanya utafiti wowote, hata akiweka ramani za meli.