Homa Ikikushika Ujerumani

Ndugu zangu mnaojiandaa kuja Ujerumani mmeniuliza kama ni kweli kwamba asiyejua Kijerumani hatibiwi, na kama mfungashe dawa za mwaka mzima. Sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa: lugha inasumbua, lakini madaktari wengi wanakijua Kiingereza, na anayekwamisha zaidi ni mpokezi wa simu.

Kitakachowashangaza ni duka la dawa. Nyumbani tumezoea kumweleza muuzaji dalili na kuondoka na antibiotiki, ilhali huku mfamasia, hata akiwa mwungwana namna gani, hatoi antibiotiki bila cheti cha daktari. Hata paracetamol haiuzwi supamaketi, na pakiti inayouzwa bila cheti haizidi vidonge 20 vya miligramu 500. Jumapili maduka ya dawa hufungwa isipokuwa yale ya zamu, ambayo anwani zake hubandikwa mlangoni mwa yaliyofungwa. Hapo utapiga kengele, utahudumiwa dirishani na kuongezewa ada ya euro 2.50. Kwa ugonjwa usioweza kusubiri zahanati zifunguliwe, piga 116117. Uhai ukiwa hatarini, piga 112.

Jambo ambalo ningependa mlishike kuliko yote ni malaria. Daktari wa huku huona mafua kila msimu wa baridi, na malaria kwa nadra sana, kwa hiyo usipomwambia kwamba umetoka Tanzania, hata kama ni wiki kadhaa zilizopita, huenda asiifikirie kabisa. Mwenzetu mmoja aliyerudi kutoka likizo Kigoma aliambiwa anywe chai na apumzike. Kesho yake alirudi na karatasi yenye tarehe ya safari, siku homa ilipoanza na ombi la kupimwa damu kwa ajili ya malaria, na ndipo ugonjwa ulipoonekana. Sisi tuliokaa huku muda mrefu ndio tunaojidanganya zaidi kwamba tunaistahimili, kumbe kinga tuliyokua nayo imekwisha kupungua, na malaria ya falsiparumu, aina iliyo hatari zaidi, inaweza kuua katika siku chache.

Kuhusu kufungasha, dawa unazotumia kila siku zibebe katika pakiti zake, pamoja na barua ya daktari inayotaja jina halisi la dawa, kwa kuwa majina ya kibiashara hutofautiana. Forodha huruhusu kiasi cha matumizi binafsi, kwa kawaida kisichozidi miezi 3. Za mwaka mzima ziacheni.